Mtoto mbishi kupindukia: fimbo, bweni, au mzazi ndiye aende darasani?

Mama Tabata
Wadau, naleta hoja, tujadili bila kutukanana. Mtoto ambaye kila anachoambiwa anapinga, fimbo haimrekebishi. Wa kufundishwa kwanza ni sisi wazazi.

Simzungumzii mtoto wa miaka miwili anayejigaragaza dukani; huyo yupo kila nyumba. Nasema ubishi uliopitiliza, ambao leo kwa Kiingereza unaitwa "oppositional defiant disorder". Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeitambua hali hii tangu 1980, na toleo la 2013 linataka angalau dalili 4 kati ya 8, kwa miezi 6 au zaidi: kuwaka upesi, kubishana na wakubwa, kuchokoza watu makusudi, kusukumia wenzake makosa, kinyongo. Na asiwe anamfanyia kaka au dada yake tu, maana hao kugombana ni kawaida.

Sasa sikilizeni nyumba ya jirani, saa kumi na moja na nusu alfajiri. "Vaa viatu." "Sivai." "Nimesema vaa!" "Sitaki, na shule siendi." Mama anashika mwiko, mtoto yuko nyuma ya kochi, gari la shule linapiga honi. Mama anachoka, anamvalisha mwenyewe na kumwahidi soda ya jioni. Mtoto kajua kwamba ukipandisha sauti zaidi unashinda. Kesho mama atapiga, mtoto atanyamaza kidogo, na mama naye atajua kwamba bila kupiga hasikilizwi. Wanafundishana. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, aliuchambua mzunguko huu miaka mingi.

Baba Mbagala
Dada, hayo ya Wazungu. Sisi tulichapwa na mwalimu, na mjomba, na jirani, na tumefika. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa leo analelewa na dada wa kazi na katuni, mama anarudi kutoka Kariakoo saa mbili usiku, kwa huruma anampa kila anachotaka. Ugonjwa uko wapi hapo? Na viboko shuleni vinaruhusiwa kisheria.

Mwalimu wa Temeke
Vinaruhusiwa, baba, lakini kanuni inasema visizidi 4, apige mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mimi humo kitabuni naona majina ni yaleyale. Dawa ingekuwa inaponya, mgonjwa asingerudi kila wiki.

Ila Mama Tabata naye asimalizie lawama zote kwa mzazi. Yupo mtoto asiyetulia hata akitaka. Yupo asiyejua kusoma, anaona heri aitwe jeuri kuliko kuitwa mjinga. Yupo asiyeona ubaoni. Anzeni kwa kumpima macho na masikio.

Mjomba wa Ubungo
Mpelekeni bweni. Au kwa bibi yake Songea. Ataiva.

Mama Tabata
Mjomba, bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne Wizara ya Elimu ililipiga marufuku 2023. Na bibi amekosa nini?

Baba Mbagala, utafiti wa kitaifa uliotolewa 2011 ulikuta karibu vijana watatu kati ya wanne walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Kipigo kingekuwa kinamaliza ubishi, nchi hii isingekuwa na mbishi hata mmoja.

Baba Mbagala
Sawa, nisipige. Nifanye nini, nimbembeleze?

Mama Tabata
Hapana, kubembeleza ndiko kulikozaa ile soda. Msogelee, simu weka chini, toa agizo moja fupi. Usimuulize "utavaa viatu?" kama hana hiari ya kukataa. Akitii, msifu palepale, hata kama ni jambo dogo, maana huyu mtoto tangu asubuhi hajasikia neno jema. Akikataa, adhabu iwe ndogo, anayoijua tangu jana, na isiongezwe kwa hasira: leo hakuna katuni, basi. Kila siku mpe dakika kumi za kucheza yeye akiwa ndiye anayeongoza. Wiki za mwanzo atazidisha vurugu, kwa sababu anapima kama umebadilika kweli. Wengi hukata tamaa hapo. Kidonge cha ubishi wenyewe hakuna. Tiba inayoanza ni mzazi kufundishwa haya.

Shangazi Mwananyamala
Yote mazuri, mwanangu, lakini nyumba ina bibi, mama mdogo na dada wa kazi. Wewe unanyima katuni, bibi anawasha. Na nyumba za kupanga kuta ni nyembamba. Mtoto akipiga kelele nusu saa bila kuchapwa, kesho bombani wanasema amekushinda. Nusu ya hizo fimbo tunawapigia majirani.

Mwalimu wa Temeke
Shangazi umenena. Basi bibi na dada wa kazi nao waelezwe. Aliyefika pabaya apige 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Muhimbili wana idara ya afya ya akili.

Baba Mbagala
Muhimbili kila wiki, kibarua changu atakwenda nani? Hilo la agizo moja nitalijaribu. Fimbo siitupi.

Mama Tabata
Usiitupe. Iache miezi mitatu, halafu urudi hapa utuambie imetumika mara ngapi.