Tumbo linawaka mwaka wa 4 huu, nimechoka na vidonge. Naomba ushauri wa lishe na tiba asili

Mtu wa Chaki

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, miaka 42, naishi Kihonda, Morogoro. Nina shida ya tumbo. Hapa chini ya kifua panawaka kama nimemeza kaa la moto. Nikikaa na njaa panauma, nikila gesi inapanda mpaka nashindwa kufunga mkanda. Usiku saa nane naamka kunyata jikoni kutafuta magadi soda, kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Nimepimwa damu mara 3 na mara zote naambiwa nina bakteria wa vidonda, H. pylori. Mara zote nimemaliza dozi ile ya siku 14. Napata nafuu wiki mbili tatu, kisha yanarudi yale yale. Omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, nameza nikizidiwa tu.

Mwaka huu nikasema basi, makemikali yatanimaliza, narudi kwenye asili. Nimekunywa asali na unga wa mlonge asubuhi. Nimekunywa maji ya mshubiri, yale yakanitoa mbio mbele ya Fomu Tatu nikiwa katikati ya kipeo cha pili. Nilirudi kengele imeshagonga. Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu aliyejiunga na mtandao wa kuuza virutubisho aliniuzia makopo 3 ya vidonge vya bizari ya manjano na majani mengine kwa shilingi 165,000. Nimemaliza moja, tumbo liko vile vile. Anasema ni mwili unatoa sumu, nivumilie hadi kopo la tatu.

Naomba mwenye uzoefu aniambie nile nini na ninywe nini nipone moja kwa moja. Wa kejeli mpite kushoto.

Kishtobe

Nimepita kushoto nikakuta foleni. Pole mwalimu, ngoja waje wataalamu.

Balozi wa Afya

Pole sana mkuu. Hospitali wanatibu dalili, sisi tunatibu chanzo. Kwa tatizo la miaka 4 kopo moja haliwezi kutosha, unahitaji kifurushi kamili cha miezi 6 kusafisha sumu. Nitumie ujumbe inboksi nikupe bei ya punguzo.

Darubini

Balozi, hiyo sumu inaitwaje? Itaje jina, mimi nafanya kazi maabara, kesho asubuhi nitaitafuta.

Mwalimu, nianze na vipimo vyako. Kipimo cha damu kinaangalia kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya huyo bakteria. Ukishamuua, kinga inabaki kwenye damu miezi mingi, wengine miaka. Kwa hiyo inawezekana kabisa ulipona kwa dozi ya kwanza, halafu ukameza dozi mbili za bure kwa sababu ya karatasi ya majibu. Kipimo cha kueleweka baada ya tiba ni cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha kupuliza pumzi pale kinapopatikana. Uwe umekaa wiki 4 bila antibayotiki na wiki 2 bila omeprazoli, la sivyo bakteria anajificha na majibu yanakudanganya.

Na usiwadharau hao bakteria. Zamani vidonda vilisemwa ni mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kikombe cha bakteria hao ili awaonyeshe wenzake, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani. Yeye na Robin Warren wakapewa Nobel mwaka 2005. Kwa hiyo kama wapo, wanauliwa kwa antibayotiki. Asali na mlonge ni chakula, haviwamalizi.

Mama Shughuli

Darubini umesema kitaalamu, ngoja mimi niseme kijikoni. Nimeugua tumbo hili miaka 6 na napikia watu kwenye shughuli, kwa hiyo naishi na pilau.

Mwanangu, acha kwanza chai ya rangi yenye tangawizi kali tumbo likiwa tupu. Watu wanaiita dawa, mimi ilikuwa inanichoma mpaka mgongoni. Acha uji wa ndimu au ukwaju kwa sasa, na ubuyu pia, ni mchachu ule hata kama una vitamini. Maharage usiyaache, ila yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, na ule kikombe si bakuli. Gesi itapungua mwenyewe utashangaa. Mimi vilinifaa ndizi za kupika na bamia, viazi vitamu, wali uliolainika, mchicha usiojaa mafuta. Maziwa fresh yatakudanganya, yanapoza nusu saa halafu moto unarudi.

Cha muhimu kuliko vyote ni saa ya kula. Mimi nilikuwa nakula saa nne usiku nikitoka shughulini, sahani imejaa, halafu kitandani. Siku hizi nakula saa moja. Baba watoto aliweka tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, nikamcheka, lakini kiungulia cha usiku kiliisha. Na ulalie ubavu wa kushoto.

Juisi ya kabichi pia nimekunywa. Ilinituliza, sitadanganya, ila gesi yake uwe unaishi peke yako.

Kishtobe

Kabichi na maharage kwenye nyumba moja, mama, hiyo ni silaha ya maangamizi.

Kaunta ya Dawa

Hiyo ya kabichi ina historia. Daktari Garnett Cheney wa Marekani aliandika mwaka 1949 kwamba wagonjwa wake wa vidonda walipona haraka kwa kunywa juisi ya kabichi mbichi. Walikuwa wachache na hakuwalinganisha na wasiokunywa, ndiyo maana haikuwa tiba ya hospitali. Haina ubaya, kunywa ukipenda.

Magadi yako ya saa nane usiku ndiyo yananitia shaka. Kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku nzima. Ukiwa na presha unaimwagia petroli. Mshubiri nao, ule utomvu wa njano mchungu ni dawa ya kuharisha, haujawahi kuwa dawa ya kidonda. Na manjano ya kwenye mchuzi si sawa na manjano yaliyokolezwa kwenye kidonge. Italia na Marekani wamesharipoti watu walioumia ini kwa vidonge hivyo. Angalia kwenye kopo kama kuna namba ya usajili, ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) au ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kama hakuna, weka pembeni.

Sasa swali, naomba ujibu kwa ukamilifu: unatumia dawa gani nyingine? Ya kitu chochote, kichwa, magoti, mafua.

Mtu wa Chaki

Asanteni sana, Mama Shughuli ubarikiwe. Kopo nimeligeuza pande zote, kuna picha ya jani na namba ya simu tu.

Mkuu Kaunta, hakuna dawa nyingine natumia. Labda za mgongo, lakini hizo hazihusiani na tumbo.

Kaunta ya Dawa

Zinaitwaje, na unameza ngapi?

Mtu wa Chaki

Diklofenaki. Nilianguka na pikipiki, mgongo ukabaki hivyo, na kazi yangu ni ya kusimama. Nanunua dukani pale kituoni, nameza kimoja asubuhi kabla ya kutoka. Siku zenye vipindi vingi naongeza cha mchana. Si kila siku.

Kaunta ya Dawa

Pikipiki ulianguka mwaka gani?

Mtu wa Chaki

Mkuu, nimekaa kimya dakika kumi hapa. Ni miaka 4 iliyopita.

Nimemwambia mke wangu, akaenda kuchukua koti langu la pikipiki akakung'uta mifuko mezani. Zimetoka karatasi 7 tupu za vidonge, kumi kumi. Koti lilifuliwa mwanzoni mwa mwezi uliopita.

Kaunta ya Dawa

Vidonge 70 kwa muda huo, na asubuhi unameza na asali na mlonge tumbo likiwa tupu.

Iko hivi. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao zinazima kemikali inayoleta maumivu. Kemikali za ukoo huo huo ndizo zinazoliambia tumbo litoe ute wa kulinda ukuta wake dhidi ya asidi. Ukizizima, asidi inakula ukuta. Hata ukichomwa sindano badala ya kumeza ni vile vile, maana dawa inafika kwa njia ya damu. Bakteria na hizi dawa ndivyo visababishi viwili vikubwa vya vidonda duniani, na wewe huenda ulianza na vyote viwili.

Acha diklofenaki leo. Maumivu yakikubana meza parasetamo kwa kipimo chake, halafu nenda hospitali ueleze yote, hasa hizo karatasi 7. Nakuuliza pia: umewahi kuona choo cheusi kama lami, au kutapika kitu kama unga wa kahawa? Umepungua uzito bila sababu? Chakula kinakwama kushuka?

Mtu wa Chaki

Choo cheusi niliona mara mbili mwezi wa Ramadhani. Nilidhani ni mlonge.

Darubini

Mlonge unatoa kijani, mwalimu. Kesho asubuhi usiende shule, nenda hospitali. Huyo ni mtu aliyevuja damu tumboni.

Balozi wa Afya

Msimtishe mkuu, ni sumu zilikuwa zinatoka.

Mama Shughuli

Wewe balozi hebu tupishe.

Kishtobe

Mimi nilipanga foleni Samunge 2011, kwa Babu wa Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, kwa hiyo sina mdomo wa kumcheka mtu yeyote humu. Lakini mwalimu, nenda.

Mtu wa Chaki

Wakuu, nimerudi baada ya wiki 5, samahani kwa ukimya.

Nilienda asubuhi ile ile. Damu ilikuwa imepungua hadi 8.1, daktari akanipa rufaa ya kumeza kamera. Wasioijua: wanakupuliza dawa ya ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kiplastiki chenye tundu, halafu mpira mweusi mnene kama kidole unashuka. Machozi yanatoka yenyewe. Nesi alinishika bega akawa ananiambia "pumua, baba, pumua," na nilipogeuza macho nikaliona tumbo langu kwenye skrini. Jekundu, na karibu na mlango wa kutokea kuna kishimo chenye utando mweupe katikati. Hicho ndicho nilikuwa nakimiminia ndimu.

Walichukua kinyama kupima, bakteria hakuna, saratani hakuna. Napewa omeprazoli wiki 8, kila siku nusu saa kabla ya chai, si nikizidiwa tu. Na vidonge vya kuongeza damu. Diklofenaki sijagusa tena. Wiki ya tatu nililala usiku kucha, mke wangu akaniamsha akidhani nimezimia.

Chakula nafuata cha Mama Shughuli, na tofali zipo chini ya kitanda. Mlonge nimerudisha, ila nautia kwenye mboga. Makopo mawili yaliyobaki mwenzangu kakataa kuyapokea, anasema mfumo hauruhusu kurudisha. Moja nimelimwaga, naweka chaki.

Kaunta ya Dawa

Safi sana. Hivyo vidonge vya damu navyo vitakugeuza choo kuwa cheusi, safari hii usishtuke. Na mgongo je?

Mtu wa Chaki

Mgongo unauma, mkuu. Nafungua uzi mwingine.