Naomba ushauri: nikope ninunue boti ya pili Sagana, au nitulie kwanza?

Hamjambo wakuu. Mimi hupeleka watu kushuka maji makali kwa boti ya mpira, Mto Tana pale Sagana, mwendo wa kama kilomita 100 kutoka Nairobi. Nina boti moja ya watu 8. Sasa jamaa anayeacha hii kazi ananiuzia yake kwa bei ya kutupa. Ina viraka viwili ubavuni, lakini niliijaza upepo ikalala hivyo, asubuhi nikaikuta ngumu kama tikiti maji.

Shida ni wateja. Zamani kampuni za Nairobi zilileta wafanyakazi karibu kila Jumamosi. Pesa ilipokaza, matembezi hayo yakawa ya kwanza kufutwa kwenye bajeti. Siku hizi napata vikundi vya marafiki waliochangishana, na wanabishania mpaka bei ya chakula. Lakini wanakuja! Nadhani ni wale ambao wangeenda Mombasa, au Jinja kwenye Nile, na sasa wanatafuta pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Masika ndiyo hujaza mto, Machi hadi Mei, kwa hiyo lazima niamue mapema. Sacco itanikopesha, ila marejesho hayangoji mto ujae. Mke wangu anasema niikodi wikendi tu, nisinunue.

Na nikishusha bei, nipunguze wapi? Yule wa kayaki ya uokoaji, mtumbwi mdogo wa kuwaopoa wanaoanguka majini, simwachi nyumbani hata kwa dawa. Aliyewahi kuvuka kipindi kama hiki kwenye utalii, ulifanyaje?