Chambertin na Gevrey-Chambertin: lebo inasema nini hasa?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nimeweka ubavu kwa ubavu picha za lebo mbili za mvinyo wa Burgundy, mkoa wa Ufaransa. Moja imeandikwa Gevrey-Chambertin, nyingine Chambertin tu, na hiyo ya jina fupi ndiyo ghali mno. Hakuna inayotaja aina ya zabibu. Tofauti iko wapi?

Jibu la kwanza
Chambertin ni shamba la hekta 13 hivi, lenye daraja la juu kabisa la Burgundy, yaani grand cru. Gevrey ni kijiji, ambacho mwaka 1847 kilijiongezea jina la shamba hilo mashuhuri ili nacho kipate sifa zake. Kwa hiyo mvinyo wa kijiji hubeba jina la Chambertin hata kama zabibu zake zilichumwa mbali na shamba lenyewe, na kwa maoni yangu hakuna jina lililowapotosha wanunuzi wengi kama hili. Tazama mstari mdogo ulio kati ya maneno Appellation na Contrôlée (yaani jina la asili linalolindwa kisheria): jina lililo hapo ndilo eneo ambalo sheria inalitambua.

Jibu la pili
Kuhusu zabibu, mfumo huo wa Ufaransa wa majina ya asili, uliowekwa kisheria mwaka 1935, haukuishia kwenye mipaka, bali hupanga pia aina za mizabibu, kiwango cha mavuno na kilevi cha chini, kiasi kwamba anayejua jina la mahali anajua tayari kuwa mvinyo mwekundu wa Gevrey hutokana na Pinot Noir. Marekani ni tofauti: AVA, yaani eneo rasmi la kilimo cha zabibu, huchora mipaka tu, angalau asilimia 85 ya zabibu zitoke humo, na mkulima hupanda apendacho, ndiyo maana huitaja zabibu kwenye lebo.

Jibu la tatu
Naomba niongeze tahadhari moja. Lebo huthibitisha asili, haithibitishi ubora. Sassicaia, mvinyo wa Bolgheri huko Toscana, uliuzwa kwa miaka mingi kama vino da tavola (mvinyo wa mezani), ngazi ya chini kabisa Italia, kwa sababu zabibu zake za Cabernet hazikuwa na nafasi katika kanuni za eneo lile, ilhali wajuzi waliugombania. Kanuni za Bolgheri ziliutambua mwaka 1994 tu.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Nimezikuza picha: mstari huo kwenye ile ghali unasema Chambertin, na kwenye nyingine Gevrey-Chambertin, kwa herufi ndogo ambazo sikuwa nimezisoma kabisa.