Mtoto wa 1817, Pennsylvania: wazazi wake niwatafute wapi?

Mama Wawili
Wakuu, habarini. Naomba msaada wa wanaojua kufukua nasaba za Marekani. Mume wangu ni wa huko, na mama mkwe amenikabidhi Biblia ya ukoo wao. Imeandikwa humo kwamba babu yao alizaliwa 1817 kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Wazazi hawakutajwa. Nimempata kwenye sensa ya 1850 akiwa Ohio: mhunzi, miaka 33, ana mke na watoto wanne. Nyuma ya hapo ni giza tupu. Sensa za 1820 na 1830 zinataja jina la mkuu wa kaya tu, wengine wote ni tarakimu kwenye safu za umri. Nina kaya sita za jina lao zenye mvulana wa rika lake. Wiki ya tatu hii, na kila nikilala namuwaza huyu mtoto aliyebaki kuwa "1" kwenye karatasi.

Karani Mstaafu
Dada, kwanza angalia hiyo Biblia ilichapwa mwaka gani. Kisha utazame wino.

Mama Wawili
Ilichapwa 1846! Na majina manane ya mwanzo yana wino mmoja, mwandiko mmoja.

Karani Mstaafu
Basi hayo yaliandikwa kwa mkupuo, miaka mingi baadaye, kwa kumbukumbu ya mtu. Tafuta tangu 1815 hadi 1819. Sasa, uhunzi hakuzaliwa nao. Kuna mtu alimfundisha. Uliza mikataba ya uanagenzi, maana mvulana aliyefiwa na baba mara nyingi alikabidhiwa kwa fundi mpaka atimize 21. Mikataba hiyo ilikatwa ukingo wa mawimbi, kila upande ukabaki na nakala yake, zikikutanishwa zinashikana kama meno. Ila anzia Mahakama ya Yatima ya kaunti. Watu wengi huiruka kwa kuwa wanajua mama wa mtoto alikuwa hai, kumbe kisheria yatima alikuwa yule aliyefiwa na baba. Na mtoto akifikisha 14 aliweza kujichagulia mlezi wa mali yake, kwa hiyo soma kwa makini miaka ya 1829 hadi 1833.

Mjukuu
Naongezea: Lancaster ilijaa Wajerumani. Vitabu vya ubatizo vya Walutheri vinataja wadhamini, na mara nyingi hao ni shangazi, wajomba au babu. Usiling'ang'anie jina kwa tahajia ya leo, makarani waliandika walivyosikia. Na kama aliishi hadi 1880, sensa ya mwaka huo iliuliza baba na mama walizaliwa wapi.

Mama Wawili
Nimerudi, mikono inatetemeka. Daftari la mahakama, 1832: kijana "aliyepita miaka 14" anaomba mlezi, na jina la baba yake marehemu lipo. La ukoo linaanza kwa K, sisi tulikuwa tunatafuta C, ndiyo maana hayumo katika zile kaya sita. Chini yake wadogo zake wawili wameombewa na mama yao. Hakujua kuandika, ametia alama ya X, na karani ameandika jina lake kuizunguka, la kwanza juu, la ukoo chini. Bado nataka mkataba wa uanagenzi unithibitishie kuwa kijana huyu ndiye mhunzi wetu. Lakini nimeshampigia mama mkwe. Amenyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsomee tena jina la yule mama, polepole, apate kulinakili.