SDI-12 au Modbus RTU kwa vihisi vya unyevu wa udongo?

Mchanga: Wakuu, nataka kuagiza vihisi. Modeli ni ileile, toleo la SDI-12 au la Modbus RTU, yaani njia mbili za kihisi kutuma vipimo kwa waya. Ujumbe wa upi ni rahisi kuusoma?

WayaTatu: Vingapi? Kebo mita ngapi? Betri au umeme wa gridi? Bila hayo tunapiga ramli tu. Mimi ni SDI-12, maana ni maandishi ya ASCII, herufi na namba za kawaida unazoweza kuzisoma. Unatuma `0M!`, kinajibu `00023`: anwani 0, subiri sekunde 002, thamani 3. Halafu `0D0!` inaleta `0+21.4+18.9+0.35`. Alama ya + au - ndiyo inayotenganisha namba.

Rejista16: Na kelele ikiingia? Amri ya `M` tupu inalindwa na pariti peke yake, biti moja ya ukaguzi kwa kila herufi. Modbus kila fremu (ujumbe mmoja) ina CRC, namba ya kukagua kama data imeharibika njiani: `01 03 00 00 00 02 C4 0B`. Anwani, kazi, rejista ya kuanzia (rejista ni nafasi ya biti 16 ya kuwekea thamani), idadi ya rejista, kisha CRC, baiti ya chini ikitangulia.

WayaTatu: Tuma `0MC!` basi, utapata herufi tatu za CRC mwishoni mwa data. Hakikisha tu kihisi ni toleo 1.3 au jipya zaidi.

Fundi_Biti: CRC si kinga ya kila kitu. Balaa la Modbus ni namba za desimali. 21.4 kwa heksadesimali ni `41AB 3333`, rejista mbili, na kanuni rasmi za Modbus hazisemi ipi itangulie. Ukizigeuza unapata `3333 41AB`, karibu na sifuri kabisa, na CRC inapita vizuri! Mtu anabadilisha kebo, anabadilisha kihisi, kosa liko kwenye programu. Tena karatasi ya maelezo ya kihisi ikiandika rejista 40001, kwenye waya ni 0000.

Mchanga: Vihisi 6, betri ya 12V, kebo mita 80.

Rejista16: SDI-12 ni mita 60. Imekwisha hiyo. RS-485, waya unaotumiwa na Modbus, inafika 1200.

WayaTatu: Mita 60 kwa kila kihisi, vikiwa 10. Vikipungua, kebo inaweza kurefuka. @Mchanga, 80 ni jumla au kila kimoja? Na kwenye betri, SDI-12 hulala mpaka ipate breki, ishara ya kuiamsha, ya angalau milisekunde 12.

Rejista16: Cha Modbus unakikatia umeme kati ya vipimo.

Fundi_Biti: Halafu ukirudisha umeme unasubiri kitulie, nao ni muda unaokula betri. Vyovyote vile, badilisha anwani kimoja kimoja kabla ya kufukia. SDI-12 vyote huja na 0, `0A3!` inakifanya 3. Vikiwa sita kwenye waya mmoja, `?!`, amri ya kuuliza anwani, itajibiwa na vyote kwa mpigo.

Mchanga: Cha Modbus anwani nabadilisha kwa rejista gani?

Rejista16: Kila mtengenezaji na yake. Weka karatasi ya kihisi hapa tuione.