Elektroni ni wimbi, chembe au uga?

Swali: Elektroni zikirushwa moja moja kupitia mianya miwili, kila moja huacha nukta moja tu kwenye kiwambo, ilhali nukta zikifika maelfu hujipanga kwa mistari kama ya mawimbi yanayoingiliana. Kinachosafiri hasa ni nini?

Jibu la kwanza: Wimbi linalotokeza mistari hiyo si maada iliyotandazwa. Mwanafizikia Max Born alieleza mwaka 1926 kwamba kipeo cha pili cha ukubwa wake hutoa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Mawimbi ya mianya yote miwili hujumlishwa kwanza, ndipo kipeo hicho cha pili kichukuliwe. Mawimbi yanapofutana, hapo ndipo mistari ya giza inapotokea.

Jibu la pili: Katika nadharia ya uga wa kwanta, uga, yaani kitu chenye thamani yake katika kila nukta ya anga, ndio msingi: umeenea kila mahali, na elektroni ni msisimko wake, usiopatikana kwa nusu. Ndiyo maana elektroni zote zinafanana kabisa, jambo ambalo picha ya elektroni kama vigololi vidogo, kwa maoni yangu, haiwezi kulieleza.

Muulizaji: Tukiweka kifaa cha kutambua mwanya uliopitiwa?

Jibu la kwanza: Mistari hutoweka, kwa sababu hali ya elektroni imefungamana na ya kifaa, yaani haiwezi tena kuelezwa peke yake, hata kama hakuna anayekitazama.