R-40 ndani ya mtungi wa R-134a: nitaijuaje?

FundiMwanafunzi:
Wakuu, najifunza ufundi wa friji. Nasikia kuna mitungi feki ya R-134a, gesi ya kupozea friji, iliyojazwa methili kloridi, ile gesi ya zamani iitwayo R-40. Kinachonichanganya ni kwamba zamani ilitumika kwenye friji na kazi ikaenda. Ubaya wake leo unatoka wapi? Na geji haiwezi kunionyesha tofauti?

MzeeKompresa:
Mdogo wangu, umeuliza jambo ambalo limeshaua mafundi wenzetu.

Geji itakudanganya. R-134a huchemka kwenye nyuzi −26 za Selsiasi, methili kloridi kwenye −24, kwa hiyo presha zake zinakaribiana mno. Ukitazama sindano peke yake utasema mambo shwari. Gesi yenyewe haina rangi, na kaharufu kake katamu ni hafifu kiasi kwamba huwezi kukategemea kakuonye.

Hata hiyo zamani haikuwa salama. Miaka ya 1920 friji zilikuwa zikivuja watu wakiwa wamelala, na mwaka 1929 vifo vya Chicago vilizua kelele kubwa. Aliyeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, ulimi humwia mzito kama mlevi. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo mtu anarudi nyumbani akijiona mzima. Freoni, gesi mpya za kupozea, zilipoingia sokoni, R-40 ikaanza kuachwa.

Sasa sikiliza hili la aluminiamu, ndilo kubwa kuliko yote. Kompresa na kondensa nyingi za leo zina aluminiamu ndani. Methili kloridi huila taratibu, na humo hutengenezwa kampaundi za aluminiamu ambazo zikikutana na hewa huwaka zenyewe, bila kiberiti wala cheche. Mashine inaweza kuendelea kupoza huku hatari ikijijenga ndani. Fundi analegeza nati, hewa inaingia, inalipuka. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa gesi feki yalilipuka na kuua watu 3. Walikuwa kazini kama wewe na mimi.

Kemia_Kiwandani:
Naunga mkono. Niongeze tu kwamba gesi hii ina kazi yake halali, na ni kubwa. Sisi tunaipata kwa kukutanisha methanoli na hidrojeni kloridi. Kisha inapitishwa kwenye unga wa elementi ya silikoni wenye kichocheo cha shaba, joto kama nyuzi 300, na hapo ndipo safari ya silikoni zile laini kama mpira, za kuzibia madirisha na za mirija ya hospitali inapoanzia. Hidrojeni kloridi inayotoka mwishoni inarudishwa kutengeneza methili kloridi nyingine. Mpira wa butili wa tyubu za matairi nao hutengenezwa ndani ya methili kloridi iliyopozwa hadi karibu nyuzi −100. Mitambo yetu haijengwi kwa aluminiamu mahali gesi hii inapopita, na sababu ni hiyo hiyo aliyoisema Mzee.

FundiMwanafunzi:
Ahsanteni sana. Je, ile taa ya moto ya kutafutia uvujaji, inayogeuka kijani ikikuta klorini, haiwezi kuitambua?

MzeeKompresa:
Inaweza kukupa fununu. R-134a halisi haina klorini, kwa hiyo kijani kikitokea ujue humo kuna kitu kingine. Lakini R-22, gesi nyingine ya kupozea, nayo ina klorini, kwa hiyo taa haikwambii ni gesi gani. Isitoshe methili kloridi inawaka ikifika kama asilimia 8 hewani, na wewe umeshika moto! Mimi napendelea kifaa cha kuchambua gesi, kinachotaja R-40 kwa jina, na mtungi upimwe kabla haujaunganishwa na mashine ya mtu.

Ukiishuku mashine ambayo imeshajazwa, usiifungue na usijaribu kuitoa gesi. Zima umeme ukiwa mbali nayo, ondoa watu, andika onyo kubwa, kisha waite wenye vifaa na mafunzo ya kushughulikia R-40. Tajiri akikuharakisha, mkatalie.